Boila ya Kuni Haina Swichi: Maji ya Moto, Mabomba na Usalama Mwanza

Nyumba za Mwanza hazihitaji kupashwa joto. Hata Julai, upepo wa ziwa unapovuma alfajiri na watu wa Kirumba na Igogo wakitafuta masweta, baridi haishuki sana chini ya nyuzi 15, na jua likishapanda juu ya miamba kila mtu ameisahau. Ule mtindo wa Ulaya wa kuweka tangi la chuma nyuma ya jiko la kuni, kisha kuyazungusha maji yake ya moto vyumbani ili nyumba ipate joto, hapa hauna kazi. Kinachotafutwa kwetu ni maji ya kuoga. Mgeni wa gesti anayetaka kuwahi basi la alfajiri anayahitaji, mabweni yanayahitaji, na mama aliyetoka kujifungua hawezi kukandwa kwa maji ya baridi.

Chombo lakini ni kile kile. Kuna tangi la chuma, kuna moto chini au mbele yake, maji baridi yanaingia upande mmoja na ya moto yanatoka upande mwingine kuelekea bafuni. Hatari yake pia ni ile ile, nayo mara nyingi haiko pale watu wanapoitazama. Tunaogopa moto kwa sababu tunauona. Kinachoua ni maji yaliyofungiwa. Umeme hukatwa na gesi hufungwa, lakini kuni zikishashika hakuna swichi ya kuzizima: zitaendelea kutoa joto hata kama hakuna anayeoga, hata kama maji yamekatika, hata kama mlinzi amelala. Kwa hiyo maji yaliyo juu ya moto huo lazima yawe na njia iliyo wazi hadi hewani, saa zote, bila koki wala kizibo. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na kila fundi na kila mwenye nyumba anayefikiria kuunganisha boila ya kuni na mabomba yake aianzie hapo.

Kinachotokea ndani ya tangi

Maji yakipata joto hutanuka. Ukijaza pipa la lita 200 kwa maji ya ziwa yenye nyuzi 25, kisha ukayapasha hadi nyuzi 95, yatahitaji nafasi ya ziada ya lita 7 hivi. Lita 7 ni kidogo, lakini maji hayabanwi kama hewa. Yasipopata pa kwenda yatalisukuma bati la pipa, yatalitunisha na kulipasua mahali palipochomelewa vibaya.

Hatua hiyo ni ndogo ukilinganisha na inayofuata. Mwanza iko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama vitabu vya shule vinavyosema. Yakishachemka hayapandi tena. Joto lote linaondoka na mvuke. Lakini ukiyafungia, presha hupanda na kiwango cha kuchemka hupanda nayo. Presha ikizidi ile ya hewa kwa baa 3, kiasi ambacho tangi nene linaweza kukihimili kwa muda, maji hayo yatafika nyuzi zaidi ya 140 yakiwa bado maji.

Sasa chukua tangi la lita 200 lililofika hapo, na mshono mmoja uachie. Presha inashuka papo hapo, na maji ya nyuzi 140 hayawezi kubaki maji katika hewa ya Mwanza. Karibu lita 16 kati yake hugeuka mvuke kwa mara moja, na mvuke huo hutaka nafasi ya mita za ujazo 30. Hicho ni chumba kizima cha kulala, mita 4 kwa 3, hadi darini. Ukuta unaondoka, paa linaondoka, na yeyote aliyekuwa karibu anaungua kabla hajageuka. Ndiyo maana ajali ya boila iliyofungwa haifanani na ajali ya sufuria kumwagika. Ni mlipuko kamili, ingawa hakuna baruti wala gesi.

Somo la meli na treni

Kanda hii inazijua boila kwa zaidi ya karne. Meli ya mvuke William Mackinnon ilishushwa majini huko Kisumu mwaka 1900, na nyingine zikaifuata, zikibeba watu na mizigo kati ya bandari za ziwa. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na kwa miongo mingi vichwa vya treni vilivyovuta mabehewa ya pamba vilikuwa vya mvuke. Hadi leo viwanda vya chai vya Kericho, juu kidogo ya ziwa upande wa Kenya, huchoma magogo ya mikaratusi kwenye boila kubwa ili kupata mvuke wa kukausha majani.

Boila zote hizo zimefungwa na zina presha, na bado watu hufanya kazi kando yake siku nzima. Usalama wao unatokana na ulinzi uliopangwa kwa tabaka. Kuna kioo cha kuonyesha kina cha maji, na mtu aliyeajiriwa kukitazama. Kuna saa ya presha. Kuna valvu ya usalama inayojifungua yenyewe presha ikipita kiwango. Kwenye vichwa vya treni kuna hata kizibo cha madini laini kilichofungwa juu ya sanduku la moto: maji yakipungua hadi kizibo kikabaki kikavu, kinayeyuka, na mvuke unashuka kwenye moto na kumwonya dereva. Juu ya yote hayo kuna mkaguzi mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi.

Gesti ya vyumba 12 pale Mabatini haina mtu wa kutazama kioo. Aliyewasha moto saa 10 alfajiri ndiye anayefagia uwanja, anayepokea wageni na anayekwenda sokoni. Kumpa boila iliyofungwa ni kumpa mtambo wa treni bila dereva. Hapo ndipo uamuzi unapokuwa mwepesi: kwa nyumba, gesti, shule na zahanati zisizo na fundi wa boila wa kudumu, mfumo ulio wazi ndio pekee unaofaa.

Mfumo ulio wazi unavyofungwa

Mfumo ulio wazi una vitu vinne: tangi dogo la maji baridi juu, boila chini, bomba la kushusha maji baridi, na bomba la kupandisha maji ya moto. Cha tano ndicho roho yake: bomba la kupumulia.

Maji baridi hushuka kutoka tangi la juu na kuingia boila kwa chini kabisa. Maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi, hutoka kwa juu kabisa na kupanda. Bomba hilo la juu lipande mfululizo bila kushuka mahali popote, maana pakiwa na mteremko hewa na mvuke hukwama hapo na boila huanza kunguruma. Kutoka kwenye bomba hilo, tawi moja linakwenda bafuni, na jingine linaendelea kupanda hadi juu ya tangi la maji baridi, kisha linakunjwa na kuelekezwa ndani yake. Hilo la pili ndilo la kupumulia. Maji yakitanuka yanarudi tangini kwa njia ya chini. Yakichemka, mvuke unatoka kwa njia ya juu na kumwagika salama ndani ya tangi. Kwa sababu hiyo tangi hilo na mfuniko wake viwe vya kuhimili maji ya moto. Plastiki laini ya simtanki haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Urefu wa bomba la kupumulia haukisiwi. Kanuni ya mafundi bomba wa Uingereza, ambako boila hizi zimefungwa kwa vizazi, inasema lizidi usawa wa maji ya tangi kwa sentimita 15, na sentimita nyingine 4 kwa kila mita ya kimo cha mfumo. Kama tangi liko mita 3 juu, bomba lizidi usawa wa maji kwa sentimita 27. Likiwa fupi litamwaga maji ya moto kila siku bila sababu, na mwenye nyumba aliyechoshwa na kumwagika huko atakuja kuliziba. Kipenyo chake kisipungue robo tatu ya inchi, na inchi moja ni bora zaidi.

Ukipita nyuma ya nyumba nyingi za kulala wageni utaona mahali kosa linapoingia. Bomba limeinuka vizuri kutoka kwenye boila, limefika usawa wa dari, na hapo limefungwa koki nzuri ya shaba. Muulize aliyeifunga: “Fundi, hii koki ya huku juu ni ya nini?” Jibu huja bila wasiwasi: “Ya kuzuia mvuke usipotee, mzee.” Koki hiyo moja imegeuza mfumo ulio wazi kuwa uliofungwa, na siku atakapoifunga mtu asiyejua, hakuna kitu kingine cha kumwokoa. Kosa la pili linafanana nalo: valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, iliyofungwa kwenye bomba la maji baridi ili maji ya moto yasipande tangini. Pale ambapo bomba la kupumulia halipo, valvu hiyo inakamilisha kifungo.

Kosa la tatu ni kuunganisha boila moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji. Mwanza ni mji wa vilima, na maji yanayosukumwa kutoka Capri Point na Butimba hupandishwa kwenye matangi ya vilimani kabla ya kushuka mitaani. Kwa kila mita 10 za mwinuko presha huongezeka kwa karibu baa moja, kwa hiyo nyumba iliyo bondeni inaweza kupokea presha ambayo pipa lililochomelewa mtaani haliwezi kuihimili hata likiwa baridi. Boila ya kuni ipokee maji kutoka tangi lake yenyewe, lenye boya la kujaza, na kwingineko kokote isipokee.

Mgao wa maji: hatari yetu wenyewe

Vitabu vya Ulaya hutumia kurasa nyingi kuonya juu ya barafu, kwa kuwa bomba la kupumulia likiganda wakati wa baridi kali mfumo hujifunga wenyewe. Sisi hatuna barafu, lakini tuna mgao wa maji, nao huleta hatari ambayo vitabu hivyo huigusia kwa ufupi.

Maji yamekatika tangu jana. Wageni wameoga asubuhi hadi tangi la juu likaisha. Moto bado unawaka kwa sababu jikoni maharage hayajaiva. Ndani ya boila maji yanachemka na kupungua, hadi chuma kinachotazamana na moto kinabaki kikavu na kuanza kuwa chekundu. Saa 6 mchana maji yanarudi, boya linafunguka, na maji baridi yanashuka juu ya chuma kilichoiva. Yanageuka mvuke kwa kasi ambayo hata bomba la kupumulia linaweza kushindwa kuupitisha, na chuma kilicholegezwa na moto ndicho kinachopaswa kuhimili kishindo hicho.

Kinga yake ni rahisi, na inafanywa siku ya ujenzi. Bomba linalolisha boila litoke chini kabisa ya tangi. Bomba la maji baridi linalokwenda bafuni na jikoni litoke sentimita 20 au zaidi juu yake. Kwa mpangilio huo, watumiaji wakimaliza maji yao bado akiba ya boila ipo, na bomba la bafuni linalotoa upepo linakuwa onyo kwamba moto uondolewe. Vivyo hivyo, maji ya moto ya kuoga yachukuliwe juu ya boila ili kufungua bomba bafuni kusiweze kamwe kuikausha.

Ikitokea boila imekauka moto ukiwaka, kuna jambo moja tu la kufanya: toa kuni, funika makaa kwa mchanga au majivu, na uache chuma kipoe chenyewe hadi uweze kukishika kwa mkono. Usimwage maji juu ya boila wala ndani yake. Kila anayewasha moto huo, akiwamo kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita, afundishwe sentensi hiyo kabla ya kupewa kiberiti.

Chuma, bomba na maji ya ziwa

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana chokaa kidogo, ndiyo maana sabuni hutoa povu upesi. Kwa boila hiyo ni habari njema na mbaya. Njema, kwa sababu mabomba hayazibwi na magamba ya chokaa kama yanavyozibwa na maji ya visima vingi. Mbaya, kwa sababu maji laini hula chuma. Mfumo wa Ulaya wa kupasha nyumba huzungusha maji yale yale mwaka mzima, na hewa iliyomo huisha. Wa kwetu hupitisha maji mapya kila siku, yenye oksijeni mpya, na kutu haina likizo. Anayechota kisimani naye akague magamba kwenye bomba la kupumulia, maana ndilo lisilopaswa kuziba kamwe.

Pipa la mafuta lina bati la milimita moja hivi. Boila za Ulaya za nyuma ya jiko huchomelewa kwa chuma cha milimita 4 hadi 6. Tofauti hiyo ndiyo umri wa chombo, kwa hiyo anayetaka boila ya kuunganisha na mabomba amlipe fundi achomelee tangi la bamba nene. Pipa liachwe kwa kazi yake ya zamani, la wazi lenye mfuniko na koki moja chini, ambalo halina bomba lolote na kwa hiyo halina kinachoweza kulipuka. Kwa shule inayogawa maji kwa ndoo, pipa hilo bado ni chombo salama kuliko mfumo wowote wa mabomba. Pipa lenyewe lisiwe lililobeba viuatilifu vya pamba au kemikali nyingine. Na lililobeba petroli lisiguswe na moto wa kuchomelea, maana mvuke uliobaki ndani yake umekwisha kuua mafundi.

Mita ya kwanza ya kila bomba linalotoka kwenye boila iwe ya chuma, na la kupumulia liwe la chuma lote. Mabomba ya plastiki ya PPR yanafaa kwa maji ya kuoga, lakini yakikaa karibu na nyuzi 95 siku baada ya siku hulegea na kuachia kwenye maungio.

Moshi na ngozi

Boila ikae nje ya nyumba, chini ya kibanda chenye hewa, na bomba la moshi lipite juu ya paa. Moto uliobanwa hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo humlaza mtu asiamke. Kuiweka boila ndani ya bafu au kwenye korido ya vyumba ni kukaribisha msiba hata kama mabomba yote yamefungwa kwa ustadi.

Kisha kuna ngozi ya anayeoga. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Hata hivyo si vyema kuyaweka maji tangini yakiwa vuguvugu tu, kwa kuwa bakteria wanaosababisha homa kali ya mapafu huongezeka kati ya nyuzi 20 na 45. Njia ya kati ni kuyahifadhi kwenye nyuzi 60 na kuyachanganya na ya baridi kabla hayajafika kwa mwogaji. Lita 200 za nyuzi 60 zikichanganywa hadi nyuzi 40 hutoa ndoo 23 za lita 20, na gesti ndogo hapo imekidhi asubuhi yake.

Nani anakagua, na kuni zitaishi hadi lini?

Kisheria sehemu za kazi haziko huru kufanya zitakavyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaipa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, mamlaka ya kukagua boila na vyombo vyenye presha. Pengo liko katika vitu vidogo, vile vinavyochomelewa mtaani na kufungwa nyuma ya jiko bila karatasi yoyote. Hapo ulinzi pekee ni ujuzi wa fundi. VETA, inayofundisha ufundi, na SIDO, inayosaidia viwanda vidogo, zote ziko Nyakato. Somo la siku chache juu ya boila zilizo wazi, kwa mafundi bomba na wachomeleaji pamoja, lingeokoa maisha kuliko bango lolote la tahadhari.

Swali kubwa zaidi ni kuni zenyewe. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji joto lililomo katika kilo 2 za kuni kavu. Moto wa wazi ukipeleka sehemu moja kati ya tano tu ndani ya maji, kilo 2 zinakuwa 10, na kwa mwezi ni kilo 300. Katika Usukuma, ambako miti imekatwa kwa vizazi na ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyotengwa, zimechukua miaka kurudishwa, hilo ni deni zito. Serikali imekwisha kuonyesha mwelekeo: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kuanzia Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwa maji ya kuoga, jua la Mwanza linatosha siku nyingi za mwaka. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 zikitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafunge mitambo ya jua. Mitambo hiyo nayo inataka bomba lake la kupumulia, lakini jua likitua moto wake unazimika wenyewe.

Safari hiyo ya kuziacha kuni imebeba hatari ambayo haijasemwa vya kutosha. Huko Uingereza mamlaka ya usalama kazini ililazimika kutoa tahadhari juu ya boila zilizoachwa. Wenye nyumba walihamia gesi au umeme, mafundi wakaziba mabomba ya boila ya zamani bila kuiondoa, maji yakabaki ndani, na miaka baadaye mtu asiyejua akawasha moto pale pale. Watu walikufa. Mwanza inaingia katika kipindi hicho hicho. Shule itakayofunga mitambo ya jua mwakani inaweza kuliacha jiko la zamani na tangi lake likiwa limefungwa koki pande zote mbili, na siku gesi ikiisha mpishi atarudi kwenye kuni.

Kwa hiyo mpangilio wa maamuzi uwe huu. Anayejenga leo aanze na jua, na kuni zibaki akiba. Aliyenazo na bado anazihitaji, apande leo akague bomba la kupumulia: kama lina koki, liondolewe kabla ya moto wa kesho. Anayeacha kuni aing'oe boila, au aitoboe tundu kubwa na kuiacha wazi ili isiweze tena kushika maji. Kazi hiyo ni ya nusu saa kwa fundi mwenye grinda, na isiachwe hadi msimu ujao wa bajeti.